Herufi ya Mwisho ya Dhamira

Dera lilikuwa la samawati lenye maua ya njano. Nililifua kila Jumamosi kwa muda wa miezi minne, na katika miezi hiyo yote hakuna mtu aliyelivaa.

Mwenye dera alikuwa binamu ya mama. Baba alikufa kitambo. Mama alipomfuata tulikwenda kumzika nyumbani, magharibi, na kesho yake wakubwa wakakaa kwenye hema la kukodi kabla halijachukuliwa, wakatugawa. Dada yangu wa katikati angekwenda Kawangware kwa baba mdogo. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita, angebaki kijijini na nyanya. Mimi walinitaja mwisho. "Huyu mkubwa ni mwanaume," mmoja akasema, "atajipanga." Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimeshaacha shule kidato cha pili, mama alipolazwa mara ya kwanza.

Nikasema tunarudi Nairobi sote watatu. Sijui nilipata wapi sauti. Baba mdogo akaniuliza, "Na mtu mzima atakuwa nani?" Hapo ndipo binamu ya mama akasema yeye atakuja kukaa nasi Kibera, hana mume wala shamba. Baba mdogo alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Sawa. Lakini siku nikisikia mko peke yenu, nakuja na gari la kuhamisha. Sitauliza maswali."

Anti, kama tulivyomwita, alikaa nasi wiki sita katika chumba chetu cha Kambi Muru. Kisha akapata kazi ya nyumbani katika mji wa mbali, kazi ya kulala hukohuko. Aliondoka asubuhi moja akiwa na mfuko mmoja, akasema atakuwa akija mwisho wa mwezi. Dera lake lilikuwa bado halijakauka, kwa hiyo akaliacha kwenye kamba.

Hakurudi mwisho wa mwezi huo wala uliofuata, na simu yake ikawa haipatikani. Dera lilikuwa limekauka siku ileile aliyoondoka, lakini nililisahau nje, na jioni msimamizi wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga akapita akasema, "Naona anti yupo." Nikasema yupo. Ndivyo ilivyoanza. Sikukaa chini kupanga uongo. Mtu aliniuliza swali akiwa ameshalijibu mwenyewe, nami nikaitikia tu.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuhesabu miezi. Ningetimiza kumi na minane mwezi wa kumi na moja, niende kuomba kitambulisho, na mtu mwenye kitambulisho anaweza kutia sahihi shuleni na kusema hawa ni wangu. Hadi wakati huo nilihitaji mtu mzima, na mtu mzima niliyekuwa naye alikuwa kitambaa. Baba mdogo hakuwa akija kututembelea. Alikuwa kinyozi, na hakuwa na siku ya mapumziko, hata Jumapili, kwa hiyo alipiga simu tu.

"Nipe anti yako nimsalimie."

"Ameenda kuoga, baba mdogo."

"Juzi pia alikuwa anaoga."

"Ndiyo."

"Huyo mwanamke huoga sana," akasema, na nilicheka kwa nguvu kupita kiasi.

Kazi yangu ilikuwa Laini Saba, kando ya reli, kwa fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Wengine walikata na kukunja mabati, mimi nilipaka rangi na kuandika majina. Hati yangu ilikuwa nzuri tangu shule ya msingi. Wiki ya kwanza niliandika jina la mtoto na kukosea herufi moja tu, na fundi akanipa tina, ile ya kuyeyushia rangi, na kitambaa nifute. "Herufi moja," akasema, "na hili sanduku ni la mtoto wa mtu mwingine." Tangu hapo nilisoma kila jina mara tatu kabla ya kugusa brashi. Nilijiona mtu makini wa herufi.

Kuna Jumapili moja, katikati ya muhula wa pili, tuliporudi kutoka kanisani. Dada yangu alikuwa gredi ya nane. Alikuwa amerudi kutoka shuleni na karatasi mbili zilizotolewa kivuli, hadithi fupi waliyoisoma darasani, na swali alilolinakili ubaoni. Nilikuwa nje nikianua dera, nikiwa nimelifua Jumamosi na kuliacha lionekane hata Jumapili. Jirani yetu wa mlango wa tatu, mama anayekaanga omena kwenye kibanda mbele ya ploti, alikuwa ameketi akichambua omena zake kwenye karai.

"Anti yako ni mtu msafi sana," akaniambia.

"Ni kweli, mama."

"Hii dera inaoshwa kila wiki. Na sijawahi kuiona ikiwa chafu."

Hakuniangalia. Aliendelea kuchambua. Nililikunja dera mikononi mwangu hadi likawa dogo kama ngumi, nikaingia ndani na kurudisha mlango, na nikakaa kitandani nikisikiliza kama atanifuata. Ndivyo nilivyokuwa dada yangu aliponijia na swali lake.

"Brathe, dhamira ni nini?"

"Ya nini?"

"Insha. Andika insha ya kurasa mbili kuhusu dhamira ya hadithi hii. Tumia mifano."

Neno hilo nilikuwa nimelisikia asubuhi ileile, au nilidhani nimelisikia. Mchungaji alikuwa amehubiri juu ya mtu mwenye dhamiri safi, akarudia mara nyingi, akapiga kifua chake kila aliporudia. Nikampa dada yangu jibu kama mtu anayerudisha chenji.

"Ni ile sauti ya ndani. Ile inakuuma ukikosea."

"Lakini madam alisema ni kitu ya mwandishi."

"Basi mwandishi ana yake, na yule wa kwenye hadithi ana yake, na wewe una yako. Kwani ulikuwa umelala kanisani?"

"Si wewe ndio ulikuwa umelala. Ulikoroma hadi usher akakugusa."

"Mimi nimefika form two," nikamwambia. "Wewe umefika wapi?"

Mdogo wetu, aliyekuwa chini akikata maumbo kwenye boksi la unga, akasema, "Form two ya kukoroma," na wote wawili wakacheka.

Nilimwambia anisomee hiyo hadithi. Ilikuwa ya mjane fulani kijijini anayeogopa wezi. Kila jioni huweka viatu vya marehemu mumewe mlangoni ili wapita njia waone kuna mwanaume ndani. Asubuhi huvigeuza upande, huvipaka rangi, na hata huvipaka matope kidogo. Siku moja anakwenda mbali na mvua inanyesha, viatu vinajaa maji, na jirani anayepita anajua kwamba hakuna mtu ndani, kwa sababu mwanaume yeyote angeingiza viatu vyake.

"Huyo mama hangeweza kuishi hapa," dada yangu akasema. "Hizo viatu zingeenda usiku wa kwanza."

"Zingeenda zikiwa bado na miguu ndani," mdogo wetu akasema.

Nilicheka nao. Nakumbuka hivyo kwa sababu kicheko hicho kilinizuia kuona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu, nikiwa nimelikalia. Dera lilikuwa chini ya paja langu. Nikamwambia dada yangu maneno ya mwisho, na ndiyo niliyoyajutia zaidi: "Andika ukweli. Mwalimu akitaka dhamiri anataka ukweli wako, si hadithi tu." Kisha nikachukua mtungi nikaenda kupanga foleni ya maji. Niliporudi alikuwa amemaliza, daftari limefungwa. Sikuomba kulisoma.

Jumatatu walikwenda shuleni mapema. Mimi nilikuwa na saa moja kabla ya kazi, nikawasha jiko nipate chai. Tulikuwa na daftari kuukuu la kuwashia moto, nikachana ukurasa wa juu. Ulikuwa na wino mpya. Dada yangu alikuwa ameandika humo kwanza, kabla ya kunakili safi. Nilikuwa nimeshasogeza kiberiti nilipoona neno "dera."

Ninao ukurasa huo hadi leo, na kona moja yake imeungua. Aliandika hivi:

"Mjane anaweka viatu mlangoni na dhamira yake inamsumbua kwa sababu anadanganya. Mimi pia dhamira yangu inanisumbua. Kwetu hatuwezi kuweka viatu nje kwa sababu vitaibiwa. Kwetu tunaweka dera. Anti yetu alienda kazi na hajarudi. Sasa anti yetu ni nguo. Kaka yangu humfua Jumamosi na humwanika. Mtu akiuliza tunasema anti yupo. Kaka yangu hajafika miaka kumi na minane. Ninaogopa mvua kwa sababu siku ya mvua anti hayupo."

Sikunywa chai. Nilikimbia. Nilipanda vichochoro, nikaruka mitaro, nikampiga kikumbo mtu mwenye trei ya mayai, akanitukana bila mayai kuanguka. Nilikuwa nikiwaza jambo moja tu, nilipate daftari kabla halijafunguliwa. Kwenye faili ya shule, pale panapoulizwa ni nani apigiwe wakati wa dharura, mama mwenyewe alikuwa ameandika nambari ya baba mdogo. Mwalimu akisoma ukurasa huo angepiga simu moja tu, na simu hiyo ingelia Kawangware.

Langoni soja, mlinzi wa shule, alinizuia. "Wewe ni mzazi?"

"Ni kaka yake."

"Kaka si mzazi. Kitambulisho?"

"Sina."

"Basi wewe mwenyewe ni mwanafunzi. Mbona hujavaa yunifomu?"

Alidhani ametania. Nilisimama kando ya ua wa mabati hadi wakati wa mapumziko, pale penye nafasi ambapo watoto hununulia peremende, na nikamwita dada yangu kupitia kwa mtoto mmoja baada ya mwingine. Alipokuja nilimwona usoni kwamba anajua.

"Madaftari yako wapi?"

"Madam alichukua asubuhi."

"Umeandika nini wewe?"

"Ile uliniambia." Alishika bati kwa vidole viwili. "Brathe, ni a."

"A nini?"

"Mwisho wake. Mimi niliandika a kama ubaoni, lakini wewe ulikuwa unasema ya i. Madam akishachukua vitabu akauliza darasa, dhamira ni nini. Mmoja akasema ni lengo la mwandishi, kile anataka tujue. Madam akasema vizuri." Akaliachia bati. "Ile yako inaitwa dhamiri. Hiyo haikuulizwa."

Nilikwenda kazini nikiwa nimechelewa. Siku hiyo nilipewa masanduku matatu na sikuweza kuandika hata jina moja, nikamwambia fundi nina malaria. Akaniangalia, akanipa msasa nisugue kutu.

Jumanne dada yangu alirudi na barua iliyokunjwa mara nne. Mzazi au mlezi wa mwanafunzi huyu afike shuleni Alhamisi asubuhi. Asipofika, shule itawasiliana na jamaa aliyeandikishwa. Ilikuwa fupi, kwa hati safi ya kike. Dada yangu alisimama mbele yangu akiwa bado na begi mgongoni. Alikuwa akiningojea nimchape au nimfariji, na sikuwa na nguvu ya lolote.

"Tutagawanywa?" akauliza.

Mdogo wetu aliacha kukata boksi.

"Hakuna mtu anagawanywa," nikasema. Nilitoka nje ili wasiuone uso wangu.

Mama wa omena alikuwa kibandani. Nilisimama hapo muda mrefu hadi wateja wakaisha, kisha nikamweleza. Sikumweleza vizuri, niliruka huku na huku, lakini alielewa haraka, kwa sababu sehemu kubwa alikuwa anaijua. Nikamwomba aje shuleni Alhamisi. Aseme yeye ndiye anti.

Alipindua omena kwenye sufuria kabla ya kunijibu. "Niivae hiyo dera?"

"Ukipenda, mama."

"Itanibana." Akafikiri. "Lakini naweza. Nikiulizwa mtoto alizaliwa lini nitasema nini? Nikiulizwa anaumwa na nini akila mayai?"

"Haumwi na mayai."

"Unaona. Ningesema anaumwa." Akafunga omena za mteja asiyekuwepo kwenye gazeti, akanipa mimi. "Mwalimu tunaweza kumdanganya siku moja. Lakini kijana wangu, mtoto ameshaandika. Ukimleta anti wa uongo, yule msichana atasimama pale kama ndiye alidanganya. Umefikiria hiyo?"

Sikuwa nimeifikiria.

"Baba yenu mdogo ni mtu wa kupiga?"

"Hapana. Ni mtu wa kutimiza anachosema."

"Hiyo ni mbaya zaidi," akasema.

Jumatano nilitoka kazini mapema nikaenda Kawangware kwa miguu. Nilipandia upande wa Barabara ya Ngong, nikavuka, nikashuka hadi Congo, kitongoji cha Kawangware, nikiwa na ule ukurasa wenye kona iliyoungua mfukoni. Njiani nilijaribu maneno ya kuanzia na kila nililolipata nilililaani. Mara mbili niligeuka kurudi. Kilichonifanya niendelee hakikuwa ushujaa. Niliwaza tu simu ikilia mkononi mwake na sauti ya mwalimu ikimwambia, na mimi nisiwepo kuona uso wake, nikikaa Kambi Muru kungoja gari. Woga wa kungoja ulinishinda kuliko woga wa kwenda.

Duka lake la kunyolea lilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye kioo kikubwa na viti viwili. Alikuwa akimnyoa mzee mmoja. Akaniona kwenye kioo.

"Mkubwa. Kuna nini?"

"Nimekuja kunyolewa, baba mdogo."

Kwa nini nilisema hivyo sijui. Kweli nywele zangu zilikuwa zimekuwa ndefu. Mzee alipomaliza nikakaa kwenye kiti, akanifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Ilikuwa rahisi zaidi kusema nikiwa nimeinamisha kichwa. Nikasema anti aliondoka. Nikasema ni miezi minne sasa. Nikasema juu ya dera. Mashine ilifika katikati ya kichwa ikasimama, kisha ikazimwa. Nilisikia redio ya duka la jirani na mtu akipiga chafya nje.

Nikatoa ukurasa chini ya kitambaa nikampa. Alisogea mlangoni penye mwanga. Alisoma polepole, midomo ikitembea, na akasoma tena. Mimi nilijitazama kwenye kioo, nusu kichwa kimenyolewa, nusu hakijanyolewa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwalimu. Na jirani mmoja."

"Na mimi ninayewalipia yunifomu, ni wa tatu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unamfua." Hakuwa akiuliza. "Kila Jumamosi."

"Ndiyo, baba mdogo."

Akarudi nyuma yangu na kuwasha mashine. Niliruka. "Tulia," akasema. "Siwezi kukuacha nusu, watu watasema mimi ni fundi mbaya." Akamalizia upande wa pili, akapangusa shingo yangu kwa spiriti iliyonichoma, akakunguta kitambaa.

"Kesho nakuja hiyo shule," akasema.

"Utakuja na gari?"

Alikuwa akifagia nywele zangu sakafuni. Alifagia hadi mlangoni, nami sikuthubutu kuuliza mara ya pili. Niliporudi nyumbani nilimwambia dada yangu kwamba baba mdogo anakuja. Akachukua sweta la mdogo wetu na lake, akayakunja pamoja, moja ndani ya lingine, akayaweka kwenye begi moja. Sikumwuliza kwa nini.

Alhamisi tuliketi kwenye madawati madogo katika chumba cha walimu, baba mdogo akiwa na shati la kanisani, mimi, na dada yangu kando yangu. Mwalimu alikuwa mwanamke kijana kuliko nilivyomwogopa. Alikuwa na daftari mbele yake, limefunguliwa. Chini ya insha kulikuwa na alama nne kati ya ishirini na maneno mekundu: Umetoka nje ya swali.

Alimgeukia baba mdogo. "Nimemnyima alama kwa sababu swali lilikuwa la dhamira. Yeye ameandika dhamiri. Dhamira ni kile mwandishi anakusudia kutuambia. Dhamiri ni kile kinachokunyima usingizi."

Baba mdogo alikuna kidevu. "Mwalimu, si ni kitu kimoja?"

"Hapana, mzee."

"Hata mimi ningejibu hivyo. Kanisani—"

"Najua kanisani," mwalimu akasema, na kwa mara ya kwanza akakaribia kutabasamu. Kisha uso wake ukarudi. "Lakini sikuwaita kwa sababu ya alama. Nimesoma kitu ambacho siwezi kujifanya sijakisoma. Kama hawa watoto hawana mtu mzima, napaswa kupeleka jambo hili ofisini, na ofisi italipeleka mbele. Sipendi. Lakini ndivyo ilivyo. Nataka kujua leo, kabla hamjatoka hapa. Mtu mzima ni nani, na wanaishi wapi?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema mwezi wa kumi na moja, imebaki miezi minne tu, ningeweza kumhesabia siku. Dada yangu alinishika mkono chini ya dawati.

Baba mdogo alitoa kitambulisho chake mfukoni akakiweka juu ya insha, juu ya yale maandishi mekundu. "Mtu mzima ni mimi," akasema. "Nilikuwa mimi tangu siku ile, nilikuwa tu nadhani naweza kuwa hivyo kwa simu."

"Watakaa kwako? Wote?"

Chumba cha Kawangware nakijua. Ni kimoja, na kina yeye, mkewe na watoto wanne. Pana nafasi ya msichana mmoja akilala upande, ndiyo maana kule hemani walisema mmoja.

Alinitazama mimi, si mwalimu. "Mkabala na mlango wangu kuna chumba. Mpangaji wake anahama mwisho wa mwezi huu. Paa linavuja kona moja na choo ni kimoja kwa ploti nzima. Na mke wangu ana mdomo, atawasema kila asubuhi, mkae mkijua. Lakini akifungua mlango wake anaona ndani ya wenu. Hakuna kuanika mtu hapo."

Mwalimu aliandika jina lake na nambari ya kitambulisho katika kitabu chake, na akasema atafuatilia, na kwamba dada yangu akamilishe muhula hapo hata kama ni mbali. Kisha akamsukumia daftari. "Na hii utairudia. Jumatatu. Ujibu swali."

Gari la kuhamisha lilikuja kweli, mwisho wa mwezi, kama alivyoahidi. Lilikuwa mkokoteni. Baba mdogo mwenyewe alishika mbele, mimi nikasukuma, kitanda kimefungwa kwa kamba ileile ya kuanikia nguo, na mdogo wetu juu ya magodoro akishikilia jiko. Tulipofika penye mlima wa kutokea Kibera, dada yangu aliweka begi chini akasukuma pia. Sote watatu tulikuwa kwenye mzigo mmoja. Nililitazama hilo mara nyingi njiani kuhakikisha.

Insha alikuwa ameirudia kabla ya hapo, Jumapili baada ya ule mkutano wa shuleni, akiwa amekaa palepale Kambi Muru. Alifika mahali akainua kichwa.

"Brathe, taswira ni nini?"

Jibu lilikuja hadi kwenye ulimi, kubwa, la mtu wa kidato cha pili. "Sijui," nikasema. "Kesho muulize madam."

"Haujui kabisa?"

"Kabisa."

Akaliacha neno hilo nje. Aliandika kwamba dhamira ya mwandishi ni kuonyesha kuwa mtu anayeogopa hufanya kazi mara mbili, ya kwake na ya mtu ambaye hayupo. Alipata kumi na tatu. Safari hii nilisoma yote, mara tatu, kabla hajaifunga.

Sasa nina kitambulisho. Bado natembea kila siku kutoka Kawangware hadi Laini Saba kuandika majina kwenye masanduku, na bado mtu akibisha mlango ghafla naruka nikasimama, hata ninapojua ni mke wa baba mdogo amekuja kutusema. Dera tulimwachia mama wa omena. Wiki chache baada ya kuhama nilipita kibandani kwake nikitoka kazini, nikamkuta amelivaa, limembana mabegani, na mbele lina madoa ya mafuta tangu kifuani hadi magotini.

"Unaangalia nini?" akaniuliza.

"Imechafuka, mama."

"Nguo ni ya kuvaliwa," akasema, akanifungia omena za watatu.